Barua ya Wazi kwa Wafadhili: Andiko Lisiwe Zito Kuliko Ruzuku

Kwa waheshimiwa wakurugenzi, wajumbe wa bodi na maofisa ruzuku wa mashirika yanayofadhili asasi za kiraia na wajasiriamali nchini Tanzania.

YAH: LUGHA, UREFU NA GHARAMA ZA MAANDIKO YA RUZUKU



Ruzuku ni fedha isiyorudishwa inayotolewa kwa asasi au mjasiriamali ili kufanya kazi iliyokubaliwa kwenye mkataba. Haina riba wala dhamana, kwa hiyo waombaji huwa wengi kuliko fedha. Hatua za kuipata hazitofautiani sana baina ya mfadhili mmoja na mwingine: tangazo hutoka, waombaji hutuma dokezo la wazo la mradi, waliovuka mchujo huandika andiko kamili pamoja na bajeti, nyaraka huhakikiwa, mkataba husainiwa, na fedha huanza kuingia kwa awamu. Kati ya hatua ya kwanza na ya mwisho, mwaka mzima unaweza kupita.

Utaratibu huo ulikusudiwa kuzuia upendeleo, na nia hiyo haina ubaya. Lakini jinsi unavyoendeshwa nchini Tanzania, inayoshinda ni asasi yenye mtu wa kuandika. Yenye kazi nzuri na isiyo na mwandishi hubaki nje, na juu ya kubaki nje, gharama ya kushindanishwa huilipa yenyewe. Malalamiko yanayofuata, kila moja na ombi lake, yamepewa namba ili yaweze kujibiwa moja moja.

1. Lugha

Kikundi kinachopanda mikoko kwenye delta ya Rufiji, au cha wafuga nyuki wa Sikonge, hufanya vikao vyake kwa Kiswahili. Katiba yake ni ya Kiswahili, daftari la mapato na matumizi ni la Kiswahili, na afisa maendeleo ya jamii wa kata, anayekifahamu kuliko mtu mwingine yeyote serikalini, hukiandikia barua ya utambulisho kwa Kiswahili. Kisha tangazo la ruzuku linakuja kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha aina yake, chenye nadharia ya mabadiliko, bangokitita, viashiria vya matokeo na uchambuzi wa vihatarishi. Hata mwalimu wa sekondari ya hapo kijijini, anayefundisha kwa Kiingereza kila siku, hukwama ukurasa wa pili.

Hapo ndipo anapoingia mshauri. Wapo washauri waadilifu. Wapo pia wanaonakili andiko moja kwa asasi kumi wakibadilisha jina la wilaya (na mara nyingine wakisahau kulibadilisha), na wapo wanaodai asilimia ya ruzuku ikipatikana, malipo ambayo kanuni za maadili za AFP, chama cha kitaalamu cha wachangishaji fedha chenye makao yake Marekani, zinayakataza. Kikundi huishia kusaini ahadi ambazo wajumbe wake hawajazisoma. Miezi sita baadaye mkaguzi anafika, anauliza kuhusu kiashiria namba 3.2, mwenyekiti anamtazama katibu, katibu anamtazama mhazini.

Haiwezi kusemwa kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba mambo mazito. Tangu Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya utoaji haki Tanzania. Mwaka huohuo UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na Februari 2022 Umoja wa Afrika ukakipokea kuwa lugha yake ya kazi. Mtu anaweza kuhukumiwa kifungo cha maisha kwa Kiswahili, lakini ombi la shilingi milioni 10 za kununua mizinga ya nyuki halina budi kuandikwa kwa Kiingereza.

Wala si jambo jipya kwa fedha za nje kuombwa kwa Kiswahili. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ulipoanza mwaka 2000 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, miradi ya awamu ya kwanza iliibuliwa kwenye mikutano ya vijiji: wananchi walibishana kama waanze na zahanati au madarasa, muhtasari wa kikao ukaandikwa, maombi yakapanda wilayani. Benki ya Dunia haikuanguka kwa sababu muhtasari wa kijiji ulikuwa wa Kiswahili. Tafsiri ilifanyika huko juu, ilikokuwa na mtu wa kuifanya.

Ombi: kila tangazo la ruzuku inayolenga Tanzania litolewe kwa Kiswahili na Kiingereza, na mwombaji awe huru kujibu kwa lugha anayoitaka bila kupunguziwa alama. Kama bodi iliyoko London au Brussels haisomi Kiswahili, yatafsiriwe maandiko yaliyovuka mchujo, kwa fedha ya mfadhili. Hayo huwa machache.

2. Uzito wa andiko na ukubwa wa fedha

Uchukuliwe mfano wa mahesabu, usio wa mfadhili yeyote. Tangazo linatoa ruzuku 5 za shilingi milioni 10 kila moja. Asasi 100 zinaomba. Kila moja inatumia saa 80 kujaza fomu, kuandaa bajeti, kukusanya viambatisho na kupanga foleni ya saini. Jumla ni saa 8,000, na kati ya hizo saa 7,600 ni za asasi 95 zitakazokosa. Kwa siku ya kazi ya saa 8, hizo ni siku 950. Zikithaminiwa kwa shilingi 15,000 tu kwa siku, jamii imetumia shilingi 14,250,000 za kazi isiyolipwa ili mfadhili agawe milioni 50. Yaani zaidi ya robo ya ruzuku yote imekwisha kutumika kabla senti ya kwanza haijatoka, na aliyeitumia ni maskini kuliko anayeitoa.

Hesabu hii haionekani kwenye ripoti ya mwaka ya mfadhili kwa sababu hakuna anayeidai. Marekani kwenyewe jambo hili lilishalalamikiwa: mwaka 2008 mradi ulioitwa Project Streamline ulitoa ripoti kuonyesha jinsi fomu na taarifa za wafadhili zinavyozizamisha asasi kwenye makaratasi. Malalamiko yalikuwa ya asasi zenye umeme usiokatika na wahasibu wa kuajiriwa. Kwa kikundi cha Kakonko, andiko hilohilo ni nauli ya kwenda mjini, bando, malipo ya steshenari kwa kuchapa na kuskani, na kurudi tena kesho kwa sababu mtandao ulikatika faili likiwa limepanda nusu.

Mfano wa kutazamwa upo. Programu ya Ruzuku Ndogo ya Mfuko wa Mazingira Duniani (GEF), iliyoanza mwaka 1992 na kuendeshwa na UNDP, kwa miaka mingi iliweka kikomo cha dola 50,000 kwa ruzuku yake ya kawaida, ikaweka na ruzuku ndogo ya maandalizi ili kikundi kilipwe kwa kazi ya kupanga mradi wake. Katika baadhi ya nchi imepokea hata maandiko ya picha na video kutoka kwa jamii ambazo kuandika si kawaida yao. Mradi wa maji unaweza kuelezwa na mzee aliyesimama kando ya kisima kilichokauka, kwa dakika nne, kwa uwazi ambao kurasa 30 haziufikii.

Ombi: dokezo la ruzuku isiyozidi shilingi milioni 20 lisizidi kurasa 3. Nyaraka ziombwe baada ya mchujo, zisiombwe kwa wote 100. Anayeitwa kuandika andiko kamili alipwe gharama za kuliandika, apate au akose.

3. Usajili juu ya usajili

NGO ya Tanzania inasajiliwa chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali Na. 24 ya mwaka 2002. Marekebisho ya mwaka 2019 yalizitaka hata kampuni zisizo na hisa zilizokuwa zikifanya kazi za NGO zihamie kwenye sheria hiyo. NGO hiyo ina namba ya mlipakodi kutoka TRA. Inapeleka taarifa ya mwaka na hesabu kwa Msajili wa NGO. Kanuni za mwaka 2018 ziliongeza sharti kwamba inayopata zaidi ya shilingi milioni 20 iwasilishe mkataba wa ufadhili kwa Msajili na Hazina, na kutangaza hadharani mapato na matumizi yake. Yanayosemwa kuhusu ukali wa kanuni hizo ni mengi, na mengine ni ya kweli, lakini matokeo yake ni kwamba asasi iliyo hai imekwisha kukaguliwa na dola.

Mfadhili huanza upya kana kwamba hakuna kilichofanyika. Umoja wa Ulaya kwa miaka mingi ulitumia hifadhi yake ya taarifa za waombaji, PADOR. Fedha ya serikali ya Marekani ilidai namba ya utambulisho ya DUNS hadi tarehe 4 Aprili 2022, ilipoachwa na kuwekwa namba ya UEI inayotolewa na SAM, mfumo wa usajili wa serikali hiyo. Mfumo huo haupokei sanduku la posta kama anwani ya makao. Unataka mtaa na namba ya jengo. Kwa nchi ambako kwa miaka yote ofisi ilijitambulisha kwa S.L.P., na ambako kampeni kubwa ya anwani za makazi ilifanyika mwaka 2022, mwaka wa sensa, swali hilo dogo liliweza kumkwamisha mtu kwa wiki kadhaa. Jina la asasi kwenye cheti likiwa na neno “ya” ambalo benki ililiacha, wiki nyingine zinaongezeka.

Kisha kuna sharti la hesabu zilizokaguliwa za miaka 3. Asasi yenye mwaka mmoja haiwezi kuwa nazo hata ikiwa safi kama pamba, na yenye bajeti ya milioni 6 haina fedha ya kumlipa mkaguzi. Sharti hili peke yake huhakikisha kwamba ruzuku inaenda kwa waliokwisha kupata ruzuku.

Ombi: wafadhili wanaofanya kazi Tanzania wakubaliane jalada moja la nyaraka, lihakikiwe mara moja kwa mwaka, likubaliwe na wote. Kwa ruzuku ndogo, daftari la fedha, taarifa ya benki na barua ya ofisi ya kata vitoshe badala ya ukaguzi wa miaka 3.

4. Gharama za uendeshaji

Pango, umeme, mhasibu, mlinzi, ada ya benki. Kazi haifanyiki bila hivyo, na kila mfadhili anataka alipe mwingine. Kwenye ruzuku za Umoja wa Ulaya, gharama zisizo za moja kwa moja kwa kawaida zina kikomo cha asilimia 7. Kanuni za Marekani ziliruhusu asilimia 10 kwa asasi isiyo na kiwango kilichojadiliwa, asilimia hiyo ikapanda hadi 15 kuanzia tarehe 1 Oktoba 2024. Ford Foundation ilikiri mwaka 2015 kwamba asilimia 10 iliyokuwa ikitoa haitoshi, ikaipandisha hadi 20. Mfadhili huyo hakufilisika.

Asasi ndogo hujua namna ya kuishi chini ya kikomo hicho, na namna yenyewe inaharibu tabia. Mhasibu huitwa “afisa mradi”, pango la ofisi hugeuka “ukumbi wa mafunzo”, semina ya siku mbili huandikwa siku tatu ili umeme ulipwe. Mfadhili anayekataza gharama halisi ndiye anayefundisha watu wakweli kusema uongo kwenye bajeti, kisha hutuma mkaguzi kuutafuta. Ombi hapa ni fupi: asilimia 20 kwa asasi zenye bajeti ndogo, bila mjadala.

5. Fedha inayopita mikono mingi

Mwaka 2016, kwenye mkutano wa dunia wa misaada ya kibinadamu uliofanyika Istanbul, wafadhili wakubwa na mashirika ya misaada waliahidi kwamba ifikapo 2020 robo ya fedha zao itafika kwa watendaji wa ndani ya nchi kwa njia ya moja kwa moja kadiri iwezekanavyo. USAID, shirika la misaada la serikali ya Marekani, ikajiwekea mwaka 2021 lengo kama hilo la asilimia 25. Kwa takwimu zake yenyewe, mwaka wa fedha 2022 ilifikia asilimia 10.2 na uliofuata ikashuka hadi 9.6. Januari 2025 misaada ya nje ya Marekani ikasimamishwa, na tarehe 1 Julai 2025 USAID ikafungwa kama wakala unaojitegemea. Lengo halikufikiwa, na sasa hakuna wa kuulizwa.

Fedha iliyobaki huja zaidi kupitia kwa shirika kubwa linaloshika mkataba na kuugawa. Kanuni za Umoja wa Ulaya, kwa mfano, huruhusu mwenye mkataba kutoa ruzuku kwa wengine hadi euro 60,000 kwa kila mmoja, na zaidi pale ambapo malengo ya mradi yasingefikiwa vinginevyo, au yangefikiwa kwa shida kubwa mno. Njia hiyo ingeweza kuwa nzuri. Tatizo ni namna kikundi cha chini kinavyoingizwa: simu inapigwa siku tatu kabla ya tarehe ya mwisho, ikiomba barua ya kuunga mkono yenye mhuri. Kikundi kinaandika. Jina lake linaingia kwenye andiko kama mshirika wa jamii, alama zinaongezeka, mradi unashinda. Kikundi hupata habari za ushindi huo siku ya uzinduzi, kikiombwa kuleta ngoma.

Ombi: andiko lolote linalotaja kikundi cha chini lionyeshe kiasi cha shilingi kitakachoingia kwenye akaunti ya kikundi hicho, na kikundi kipewe nakala ya andiko, kwa Kiswahili, kabla ya kuweka mhuri.

6. Mjasiriamali

Kwa mjasiriamali mambo ni tofauti kidogo, kwa kuwa ruzuku yake huja kama shindano. Yapo mashindano yenye masharti yanayoeleweka: Tony Elumelu Foundation ya Nigeria, tangu 2015, hutoa mtaji wa dola 5,000 kwa wajasiriamali wa nchi za Afrika wanaochaguliwa, na kila mwombaji anajua kiasi anachokiwania. Balaa liko kwenye ruzuku zinazodai mchango wa nusu kwa nusu, au zinazorejesha fedha baada ya mwombaji kununua mashine kwa fedha yake na kuleta risiti. Msindika mihogo mwenye milioni 15 za kutanguliza hahitaji ruzuku sana, asiyenazo haipati. Mchango uruhusiwe uwe wa eneo, jengo, nguvu kazi au mashine iliyopo, na mashine mpya ilipwe moja kwa moja kwa muuzaji.

7. Ukimya

“Watakaojibiwa ni waliochaguliwa tu.” Sentensi hii imo karibu kwenye kila tangazo. Asasi iliyotumia mwezi mzima inastahili angalau mistari minne: alama ilizopata, sehemu ilipoanguka, kama inafaa kuomba tena. Haihitaji sera mpya. Maoni ya wasomaji wa maandiko tayari yamo kwenye faili.

8. Hofu ya udanganyifu

Jibu linalotarajiwa kwa haya yote ni kwamba fomu ndefu hulinda fedha. Hofu hiyo ina msingi. Mikopo isiyo na riba ya halmashauri, ile ya asilimia 10 ya mapato ya ndani inayogawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, huombwa kwa Kiswahili kupitia ofisi za kata; nayo ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya kugundulika vikundi hewa na marejesho yasiyorudi, ikarejeshwa mwaka uliofuata kwa utaratibu mpya. Anayetaka kuitumia habari hiyo dhidi ya barua hii ana haki.

Lakini vikundi hewa vilikuwa na fomu zilizojaa. Vilikuwa na katiba, mihtasari, picha za wanachama na mihuri. Kilichokosekana ni mtu wa kwenda kwenye banda la kuku na kuwahesabu kuku. Kurasa 40 za Kiingereza zingevichuja vikundi vya kweli kwanza, kwa sababu tapeli ndiye mwenye muda na mshauri. Saa ambazo ofisa ruzuku anazitumia kusoma viambatisho vya waombaji 100 zingetosha kutembelea 15, kukaa nao kwenye kikao chao cha kawaida, kuuliza nani ameshika funguo tatu za sanduku la fedha la kikundi, na kumsikiliza jirani ambaye si mwanachama. Bajeti ya nauli ya ofisa huyo ihesabiwe kuwa gharama ya ulinzi wa fedha, ikiwemo nauli ya boti kwa wa Mafia na ya bodaboda kwa wa Ngorongoro.

Ombi la mwisho linahusu tangazo lijalo, lile linaloandaliwa sasa. Libandikwe pia kwenye mbao za matangazo za ofisi za kata, kwa Kiswahili, siku 60 kabla ya tarehe ya mwisho, likitaja kiwango cha chini na cha juu cha ruzuku, idadi ya asasi zitakazochaguliwa, vigezo na alama zake, tarehe ambayo walioshindwa watajibiwa, na namba ya simu inayopokelewa na mtu.